Nani Ameomba Kibali Chako?

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, alinijia nyumbani baada ya alasiri, bahasha ya kaki kaifunga kwenye pindo la kanga. Aliketi barazani, akaifungua taratibu, akanipa karatasi mbili. "Mwanangu, hebu nisomee. Binti kapata viza ya kazi, ya Uarabuni. Anaondoka wiki ijayo."

Nikasoma, nikarudia. Karatasi ya kwanza ilikuwa viza ya kutembea, ya siku thelathini. Ya pili ilikuwa tiketi ya ndege. Mkataba hakuna. Jina la mwajiri hakuna. Neno kazi halikuandikwa popote, si kwa Kiingereza wala kwa Kiarabu. Kwa karatasi hizo mbili mama yule alikuwa ameshatoa shilingi milioni moja na laki nane, na cherehani zake mbili zilikuwa zimeshauzwa.

"Humu kazi haimo, mama," nikamwambia.

"Dalali kasema atabadilishiwa akishafika."

Maneno hayo, atabadilishiwa akishafika, nimeyasikia Ngamiani, nimeyasikia Mikanjuni na Duga, nimeyasikia hata Pangani kwenye kivuko. Yanasemwa kwa sauti ya utulivu kabisa, kana kwamba ni kanuni ya serikali fulani. Nimeamua kuandika kwa sababu naamini maneno hayo yamewaponza vijana wetu wengi kuliko ukali wa sheria za nchi wanazokwenda, na kwa sababu yapo maswali machache yanayoweza kuyavunja kabla nauli haijatoka mfukoni.

Tuanze na neno lenyewe. Huku kwetu viza imebebeshwa mizigo yote. Mtu akisema viza imetoka, nyumba nzima inapiga vigelegele, maana inaeleweka kwamba safari imekwisha kamilika. Lakini viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Hata ukiwa nayo, ofisa aliyekaa kwenye kidirisha ana mamlaka ya kukurudisha. Ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kingine, na mara nyingi hutolewa na ofisi nyingine. Ruhusa ya kuishi huko ni kitu cha tatu. Inayochanganya zaidi ni viza ya biashara, kwa sababu jina lake linamfanya mtu aamini kwamba akiipata anaweza kwenda kupanga fremu na kuuza. Katika nchi nyingi viza hiyo inakuruhusu kuhudhuria vikao, kukagua bidhaa, kupatana bei na kutia saini mkataba, kisha urudi kwenu. Kusimama nyuma ya kaunta au kupokea mshahara ni kosa.

Hata nchi yetu inafanya hivyohivyo kwa wageni. Mgeni anayekuja kwa shughuli fupi za biashara huomba viza ya biashara ya dola 250, isiyozidi siku 90. Akija kuajiriwa, mwajiri wake anakwenda kwa Kamishna wa Kazi kuomba kibali cha kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Kisha linafuata ombi la pili, Uhamiaji, la kibali cha ukaazi cha daraja B. Mwenye mtaji wake anaingia daraja A. Wanafunzi, watafiti na wamisionari wako daraja C. Na mwajiri halazimiki tu kujaza fomu: anatakiwa kueleza kwa nini Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo hakupatikana, na kuonyesha mpango wa kumwandaa Mtanzania aje airithi.

Haya tumeyaona kwa macho hapa Tanga. Tarehe 5 Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi pale Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda. Tangu hapo mji wetu umepokea mafundi na wahandisi wa kila rangi. Vijana wa Chongoleani na Mwarongo wamewaona wakishuka kwenye magari, wamewauzia chai na mihogo. Mwangalieni fundi yule. Kabla hajapanda ndege kwao, kampuni yake imeshaandika, imeshalipa, imeshajibiwa. Yeye anajua cheo chake, mshahara wake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Hakuuza cherehani ya mama yake. Ukimuuliza nani amemwombea kibali, atakutajia bila kufikiri.

Sasa muulize binti wa Makorora swali hilohilo. Atakujibu: "Yule kaka." Kaka gani? "Yule aliyemsafirisha jirani yetu."

Hapo ndipo penye tofauti yote. Kibali cha kazi, karibu dunia nzima, ni ombi la mwajiri. Yeye ndiye anayeiambia serikali yake kwamba anamhitaji mtu, kwa kazi fulani, kwa mshahara fulani, na kwamba atambeba. Mfanyakazi anapeleka pasipoti, picha, vyeti na vipimo vya afya, lakini mlango unabishwa kutoka ndani. Ndiyo maana mtu anayekuuzia viza ya kazi bila kukutajia mwajiri anakuuzia kitu asichoweza kuwa nacho.

Tazama Oman, ambako watu wa mwambao huu wana ndugu, makaburi na hata majina ya ukoo. Huko mwajiri huomba kibali Wizara ya Kazi, ndipo viza ya ajira inapotolewa na polisi wao. Zamani wapo walioingia kwa viza ya kutembea wakabadilishiwa, na madalali wameendelea kuiimba hadithi hiyo. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2023 polisi wa Oman walitangaza kusitisha kubadilisha viza za matembezi na utalii kuwa viza za kazi: aliyetaka kazi alitakiwa atoke nchini, aingie upya kwa viza yake halali. Falme za Kiarabu nako, kufanya kazi kwa viza ya kutembea ni kosa, na marekebisho ya sheria ya Agosti 2024 yameweka faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja kwa mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali. Faini hiyo ni ya mwajiri, na kwa tajiri inalipika. Binti wa watu yeye anakuwa mtu asiye na hati, anayeogopa hata kwenda kituo cha polisi kusema kwamba hajalipwa miezi minne.

Na pesa? Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Ya Saudi Arabia, kwenye kifungu cha 40, inaziweka ada za kumwingiza mfanyakazi, za ikama yake, yaani kibali cha kuishi huko, na za kibali chake cha kazi juu ya mwajiri. Shirika la Kazi Duniani limeshasema tangu mwaka 1997, katika mkataba wake namba 181, kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi. Nayaandika haya kwa sababu mtaani kwetu imejengeka imani kwamba kulipa ndiyo njia. Mtu asipoombwa pesa anaingiwa na shaka! Ukweli umesimama upande wa pili: ukiombwa milioni kwa ajili ya viza ya kazi ya ndani, ama mwajiri ameshailipa na sasa inalipwa mara ya pili, ama mwajiri hayupo.

Hapa sharti niongeze jambo, nisije nikampotosha mtu. Sheria hizo za kazi za jumla hazimkumbatii kila mtu. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio dada zetu wengi, wana kanuni zao za peke yao. Falme za Kiarabu waliwatungia sheria ya mwaka 2022. Kwa hiyo binti anayekwenda kuwa kadama, mtumishi wa ndani, asidanganywe kwamba haki anazoziona dereva wa kampuni ndizo zake zote. Aulize mkataba wake uko chini ya sheria ipi, na mapumziko yake ni siku gani.

Tena kuna uchungu mwingine. Kwa kuwa mwajiri ndiye mwombaji, katika utaratibu wa kafala, yaani wa kudhaminiwa na mwajiri, yeye ndiye pia anayeshika kamba. Kibali kimefungwa kwake. Ukiondoka nyumbani mwake bila utaratibu, unahesabiwa umetoroka, hata kama ulikimbia kipigo. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na waliyoyasimulia yalikuwa yaleyale tunayosikia wakirudi: pasipoti kuchukuliwa siku ya kwanza, kazi kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, mshahara pungufu ya ulioahidiwa. Oman ililegeza kamba kidogo Januari 2021, ikaondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri wa zamani kwa mtu aliyemaliza mkataba wake na kutaka kuhamia kwa mwingine. Lakini soma vizuri: aliyemaliza mkataba. Asiyeujua mkataba wake unakwisha lini, atalitumiaje lango hilo?

Ndiyo maana nasema kuuliza nani ameomba hakutoshi kama hutaki kujua ameomba nini. Kibali halali nacho kinaweza kuwa kamba shingoni, na mwenye kujua urefu wa kamba ndiye anayejua pa kushika.

Niseme kwa nini jambo hili linanikaa moyoni namna hii. Babu yangu mzaa baba hakuzaliwa Tanga. Alitoka Buha, Kigoma, akaletwa kuja kukata mkonge Muheza. Watu wa umri wangu tunaikumbuka bado ile lugha: manamba. Jina lilitokana na namba aliyopewa kila mtu. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na iliwazoa kutoka Kigoma, kutoka Ubena, hadi Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwenye mkataba alikuwa shamba. Manamba alikuwa na kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hukutimiza kazi yako haikutiwa alama. Babu alikuwa hajui kusoma. Alituhadithia kwamba alipotia dole gumba aliambiwa ni miezi kadhaa, na kwamba alipohesabu mwenyewe kwa vijiti ilikuwa imeshazidi. Hakurudi tena Buha. Mji huu, wa waja leo, umejengwa na wajukuu wa watu walioweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma.

Leo wajukuu wa manamba tunajua kusoma. Tuna simu zinazoweza kupiga picha hati na kuituma Muscat kwa nukta moja. Inaniuma kuona bado tunatia dole.

Lakini si Uarabuni tu. Upande wetu wa kaskazini, mwendo usiofika saa mbili kutoka mjini, kuna Horohoro, mpakani na Kenya, na ng'ambo yake Lunga Lunga. Mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia mdomoni mwa mto Umba, na ukawakata Wadigo na Wasegeju katikati. Mtu wa Moa ana shangazi Vanga. Wavuvi wanaokwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, hufuata samaki na upepo, na samaki hajui Kenya ni wapi. Kwa watu hawa, kuomba kibali cha kufanya kazi kwa jirani ni wazo geni kabisa. Wanakwenda kwa ndugu. Nawaelewa. Ila mkono wa sheria ukiwafika hauulizi undugu.

Chukua machungwa ya Muheza. Msimu ukikolea, yanavuka kwenda Mombasa kwa maroli, hadi soko la Kongowea. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu mwepesi kwa mfanyabiashara mdogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha, unapewa cheti chepesi cha uasilia palepale mpakani na unapita bila ushuru wa forodha. Jambo jema sana. Lakini mama mwenye machungwa akiamua kwamba amechoka kuuzia madalali wa Kongowea, na kwamba anataka kukaa hukohuko na kibanda chake, cheti cha machungwa hakimsaidii. Chungwa limepata njia nyepesi kuliko aliyelipanda.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inazungumzia uhuru wa watu kupita, wa wafanyakazi kuajiriwa, na haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli yake katika nchi nyingine. Watu wengi huishia hapo, wakaamini kwamba mpaka umefutwa. Haukufutwa. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga mkataba, na mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Wa muda mfupi zaidi huomba pasi maalumu. Kila nchi imeweka pia jedwali la kazi ilizozifungulia mlango, na Tanzania imekuwa na mkono mzito katika jedwali lake.

Kenya kwa upande wake imesogea. Mwaka 2024 ilitangaza daraja jipya la kibali, R, mahsusi kwa raia wa Jumuiya, bila ada. Nimewauliza vijana wa Tanga wanaofanya kazi Mombasa, saluni, ujenzi, hoteli za Diani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia habari hiyo. Wanachokijua ni kugonga: unaingia na pasi ya mgeni, siku zikikaribia kwisha unarudi Horohoro, unagonga muhuri, unavuka tena. Wamekaa hivyo miaka. Mmoja aliniambia ameshagonga hadi kurasa za pasipoti zimejaa. Pasipoti hiyo ya kielektroniki, iliyoanza mwaka 2018, ilimgharimu shilingi 150,000, na ameimaliza kwa mihuri ya mpaka mmoja. Katika muda huohuo angeweza kuwa na hati inayomruhusu kudai mshahara wake mbele ya ofisa wa kazi bila kutetemeka. Kugonga kunampa siku za kukaa tu. Haki ya kulipwa hakumpi.

Na kwa nini kijana huyu alihitaji pasipoti nzima kuvuka kwenda kwa majirani? Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao vya taifa. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Zilitajwa sababu za usalama na za utayari wa vitambulisho, na kwa wakati ule zilikuwa na uzito. Miaka imepita. Kadi za NIDA ziko mifukoni, zinasajili laini za simu na kufungua akaunti za benki. Kwa maoni yangu, mtu wa Mkinga kuzuiwa kuvuka kwa kadi hiyo kwenda kumzika mjomba wake Vanga ni jambo lisilo na utetezi tena.

Nitalisema na hili, ingawa najua halitawapendeza wafanyabiashara rafiki zangu. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: duka la rejareja, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, udalali, na nyinginezo. Chanzo chake kinaeleweka. Wenye maduka Kariakoo walikuwa wamelalamika muda mrefu juu ya wageni wanaoingia kwa jina la uwekezaji kisha wanauza ndala na vyombo kwa bei ya jumla na rejareja. Kilio chao kilikuwa cha haki. Mtu aliyeomba kibali cha kiwanda anapokutwa anauza vikombe dukani, huyo naye amebadilishiwa akishafika.

Tatizo ni kwamba amri ile haikumtenga jirani wa Jumuiya na mgeni wa mbali. Kenya ililalamika mara moja, na ilikuwa na itifaki ya kuishikilia mkononi. Miongoni mwa shughuli zilizozuiwa kuna kununua mazao shambani. Mkulima wa Muheza anajua maana yake. Mnunuzi kutoka Kenya aliyekuwa akifika mpaka chini ya mchungwa, akipandisha bei dhidi ya dalali wa hapa, sasa anatakiwa abaki barabarani, ununuzi ufanywe na Mtanzania kwanza. Pengine dalali amefurahi. Mkulima sijamsikia akifurahi. Na yule kijana wa kugonga mihuri, aliyeko Diani, kesho akitaka kufungua saluni yake, atamwambia nini ofisa wa Kenya akimuuliza kwenu mnatufanyia hivi pia? Nchi inayotaka raia wake wapokewe kwa kibali cha bure haiwezi kuwafunga majirani hao kwenye kapu moja na wote.

Kwa wale wanaotazama mbali zaidi, Ulaya na Canada, hesabu ni ileile, ila vitu vina majina mengine. Uingereza, mwajiri mwenye leseni ya kudhamini ndiye anayetoa cheti cha udhamini, chenye namba yake, ndipo wewe uombe viza. Kwa miaka kadhaa wahudumu wa wazee na wagonjwa waliingia kwa njia hiyo, na vyeti vya bandia vikauzwa kwa bei ya kutisha katika nchi nyingi za Afrika. Njia hiyo ya kuajiri wahudumu kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuahidi nafasi hiyo leo, muulize anaipitisha mlango gani.

Nani afanye nini? Kutoka Tanga, balozi karibu zote ziko Dar es Salaam, kilomita kama 350. Ukitaka kuulizia jambo dogo tu, ni basi la alfajiri kutoka Kange, kulala kwa mtu, na kurudi kesho yake, wakati mwingine kwa jibu la njoo Jumatatu. Dalali yuko mtaani, anakunywa kahawa na kaka zako, anajibu simu usiku. Hashindi kwa ujanja wake. Anashinda kwa sababu yuko karibu. Kwa hiyo sioni faida ya matangazo ya redio yanayosema jihadharini na matapeli, halafu basi. Ninachokitaka ni meza. Meza moja katika jengo la mkoa au la jiji, yenye ofisa anayeweza kupokea namba ya ombi na kuulizia, anayejua wakala yupi ana leseni ya Kamishna wa Kazi na yupi hana, na anayeweza kumwambia kijana wa Diani kuwa daraja R lipo. Nyingine kama hiyo iwekwe Horohoro, karibu na pale wanapogonga mihuri. Ofisa wa uhamiaji anayeona pasipoti yenye mihuri ishirini ya mpaka mmoja ana mtu wa kumshauri mbele yake.

Na wakati tunaisubiri meza hiyo, Tanga ina hazina ambayo miji mingi haina. Mikataba ya Oman na Saudia imeandikwa Kiarabu, na mtaa kwa mtaa tunao walimu wa madrasa wanaosoma Kiarabu. Najua Kiarabu cha kitabu na Kiarabu cha ofisini si kitu kimoja. Lakini jina la mwajiri, kiasi cha mshahara, aina ya kazi na muda wa mkataba, ustadhi yeyote mzuri atavitambua. Tunawapelekea watoto watufundishie Juzuu Amma. Hatujafikiria kuwapelekea mkataba unaombeba mtoto huyohuyo miaka miwili.

Mama wa Makorora aliondoka kwangu akiwa amenyamaza. Siku ya tatu alirudi na binti yake, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye kucheka haraka. Walikuwa wamemuuliza dalali jina la mwajiri. Alisema atawapigia. Simu yake ikazimwa siku mbili, kisha akaja mwenyewe usiku na laki nne, akasema nyingine zimeshakwenda kwenye tiketi. Ile safari imekufa. Cherehani hazijarudi.

Lakini binti bado anataka kwenda, na mimi sina haki ya kumkataza. Alishaambiwa kuna mtu mwingine, safari hii wa Saudia. Tuliketi barazani tukaandika ujumbe pamoja, yeye akiuchapa kwenye simu yake: naomba jina la mwajiri na mji anaokaa, naomba namba ya ombi la kibali, naomba mkataba kabla ya pasipoti yangu kutoka mkononi, na naomba kujua nani analipa tiketi. Akausoma kwa sauti mara mbili, mama yake akisikiliza, akautuma. Ilikuwa Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na alama mbili za buluu zipo, ujumbe umesomwa. Pasipoti iko kwenye sanduku la mama, chini ya kanga.